Nilivyopima Crown Athlete na Mark X kabla ya kununua

Akiba yangu ya gari la familia ilipotimia, nilibaki na chaguo mbili: Toyota Crown Athlete ya 2009 na Toyota Mark X ya 2010, zote zikiwa zimekwisha kusajiliwa hapa nchini na kuuzwa na watu wawili tofauti jijini Dar es Salaam. Moyo wangu ulikuwa kwenye Crown tangu zamani, nami nilijua kwamba moyo ukitangulia, macho hayakagui vizuri.

Nilianza na vipimo, nikagundua kwamba tofauti ni ndogo kuliko nilivyodhani. Zote zina injini ya 4GR-FSE ya silinda 6 yenye ujazo wa cc 2,499, zote zinasukumwa na magurudumu ya nyuma, na umbali kati ya ekseli ni milimita 2,850 kwa kila moja. Crown ina urefu wa milimita 4,870 na Mark X milimita 4,730. Kwa hiyo hoja ya nguvu niliiweka kando.

Nilimchukua Mama, ambaye magoti yanamsumbua, akakae siti ya nyuma ya kila gari. Kwenye Crown alishuka bila kushikwa mkono. Kwenye Mark X alisema, "Mwanangu, humu nakaa chini sana, kuinuka ni kazi." Hapo Crown ilishinda, na sikubishana naye.

Barabarani mambo yaligeuka. Crown niliyoijaribu ilikuwa na rimu za inchi 18 na tairi za 225/45, ambazo ukuta wake ni kama sentimita 10 tu, wakati Mark X ilivaa 215/60 za inchi 16, zenye ukuta wa karibu sentimita 13. Nilizipitisha zote kwenye njia ileile ya vumbi yenye mashimo inayoingia nyumbani kwetu. Crown ilifikisha kila shimo kwenye usukani. Mark X ilipita kwa utulivu.

Kilichoamua ni ukaguzi wa fundi. Niliwaomba wauzaji wote wasiwashe gari asubuhi hiyo kabla hatujafika, kwa sababu injini hii hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi na mafuta, masizi hujikusanya, na dalili yake huonekana injini ikiwa baridi. Mark X iliwaka ikatulia. Crown ilitetemeka karibu dakika nzima. Kisha fundi akamulika tochi kwenye pampu ya maji ya Crown, akanionyesha ukoko wa rangi ya waridi uliokauka pembeni mwake: maji ya rejeta yalikuwa yakivuja taratibu, na mtu alikuwa amefuta sehemu za juu tu. Nilimwomba muuzaji apunguze bei kwa kiasi cha matengenezo hayo, akakataa, nasi tukaagana kwa heshima.

Nilinunua Mark X. Suala la Mama tulilimaliza kwa kumpa siti ya mbele, ambayo huwa tunairudisha nyuma kabisa kabla hajapanda. Desemba tulikwenda naye Moshi. Nilijaza tangi hadi juu tulipoondoka na tulipofika, nikapata kilomita 11 kwa lita, na tulipofika alishuka mwenyewe akishika mlango.