Jinsi nilivyoweza kushika wodi na maabara katika utafiti wa seli shina na saratani

Swali lililobeba kazi yangu yote nililipata wodini, nikiwa bado nasomea ubingwa. Mgonjwa wa lukemia kali ya mieloidi, saratani ya damu inayokwenda kasi, alikuwa akipewa dawa ya sitarabini kwa siku 7, na kwa siku 3 za mwanzo akiongezewa dawa ya kundi la anthrasiklini. Wiki chache baadaye uboho wake ulipotazamwa kwa hadubini ulionekana safi, seli changa zikiwa chini ya asilimia 5, nasi tukamweleza kwamba ugonjwa umetulia. Kwa wagonjwa wengi mno, hasa wazee, utulivu huo haukudumu. Nilifundishwa namna ya kumtibu anayerudi, lakini hakuna aliyeweza kunieleza ni seli zipi zilizosalimika, wala kwa nini dawa ilizipita.

Nilipoamua kusomea uzamivu baada ya ubingwa, watu ninaowaheshimu walinikumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka. Hofu yao ilikuwa na msingi, kwa maana nimewaona wenzangu wenye vipaji wakizidiwa na zamu hadi maabara zao zikafungwa. Kilichoniwezesha ni kushikilia swali moja tu pande zote mbili. Nilikataa mradi wowote wa maabara usiowahusu wagonjwa niliokuwa nawahudumia, hata ulipokuja na ruzuku nono, na kabla ya kusaini mkataba wa ajira niliomba saa za utafiti ziandikwe humo. Muda usioandikwa humezwa na wodi, na sioni sababu ya kuilaumu wodi kwa hilo: mgonjwa mwenye homa ambaye chembe zake nyeupe zimeshuka hawezi kusubiri jaribio liishe.

Faida ya mpango huo niliiona wazi katika safari ya sampuli. Mgonjwa akisharidhia, kiasi kidogo cha ziada cha uboho huchukuliwa wakati uleule sindano ilipo mfupani kwa ajili ya vipimo vyake, ili asichomwe mara mbili. Maabarani uboho humiminwa polepole kwenye ukuta wa mrija juu ya kimiminika kizito, kisha mrija huzungushwa kwa kasi. Chembe nyekundu huzama chini, na katikati hubaki utando mwembamba mweupe ambao hunyonywa kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa ndimo zilimo seli tunazozitafuta. Sehemu yake hugandishwa taratibu na kuhifadhiwa katika nitrojeni kimiminika. Zilizobaki huwekewa alama za rangi zinazong'aa na kuchambuliwa kwa leza, moja baada ya nyingine. Kwa kuwa namfahamu mwenye sampuli, najua alipewa dawa gani na lini, jambo ambalo lebo ya mrija haisemi.

Msingi wa kazi hii uliwekwa Toronto. Mwaka 1961 James Till na Ernest McCulloch walionyesha, kwa panya waliopigwa mionzi na kisha kupewa uboho, kwamba zipo seli zinazoweza kuzaa vinundu vya damu katika wengu; ndizo seli shina, yaani seli zinazojizalisha zenyewe na kuzaa seli za aina nyingine. Katika mji huohuo, mwaka 1994, kundi la John Dick lilionyesha kwamba ni takriban seli 1 tu kati ya 250,000 za lukemia iliyoweza kuanzisha ugonjwa ndani ya panya asiye na kinga. Nilivutiwa sana na matokeo hayo, lakini yaliyonifunza tahadhari ni ya mwaka 2008 kuhusu melanoma, aina ya saratani ya ngozi: maabara ya Sean Morrison ilipotumia panya waliodhoofishwa kinga zaidi na kubadili mbinu ya kupandikiza, takriban seli 1 kati ya 4 iliweza kuanzisha uvimbe, ilhali makadirio ya awali yalikuwa karibu 1 kati ya milioni. Tangu hapo sikubali hesabu ya seli shina za saratani, yaani hizo zinazoweza kuanzisha ugonjwa, kabla ya kujua ilipatikana kwa panya wa aina gani, na wanafunzi wangu wamezoea kuulizwa hilo kwanza.

Mahali ambapo kazi zangu mbili zimekutana kwa furaha kubwa zaidi ni kwenye lukemia sugu ya mieloidi, saratani ya damu inayokwenda polepole. Dawa ya imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huzuia protini inayotokana na kromosomu ya Philadelphia, hitilafu ya vinasaba iliyomo katika seli za ugonjwa huu, na imewarudishia maisha watu ambao zamani tungewapoteza. Hata hivyo, seli shina za ugonjwa huu zinaweza kuishi dawa ikiwepo. Mgonjwa ambaye ugonjwa wake umezimwa kwa kina na kwa miaka kadhaa anaweza kuacha dawa chini ya uangalizi. Kwa takriban nusu yao ugonjwa huonekana tena, mara nyingi ndani ya miezi 6 ya kwanza, na kwa kawaida hutulia dawa ikirejeshwa. Wengine hubaki salama bila dawa, ingawa baadhi yao bado wana mabaki yanayoweza kupimwa. Hao ndio ninaowafuatilia sasa: kliniki naangalia vipimo vyao vya damu, na maabarani nalinganisha seli zao za kinga na za wale waliolazimika kurudia dawa.