Nguzo ya Malindi na hesabu ya babu

Mwaka 1988 nilikuwa darasa la saba, na safari ya Vasco da Gama nilikuwa nimeihifadhi kichwani kama sura ya chuoni: Lisbon, Julai 1497, Rasi ya Tumaini Jema, Msumbiji, Mombasa, Malindi, Calicut. Mwalimu wetu aliponiona nina hamu hivyo, akanipa karatasi alizonakili kwa mkono kutoka shajara ya mmoja wa waliosafiri katika merikebu zile. Jumamosi nikamwomba babu twende kwenye nguzo ya Vasco da Gama, nimsomee.

Babu alikuwa nahodha. Ujanani mwake alipakia boriti za mikoko Lamu, akavuka upepo wa kaskazi ukimalizika, akarudi kutoka Ghuba na tende na chumvi. Mwaka ule macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini rasini alitembea bila kushikwa mkono. Alisema upepo ulikuwa unamwambia bahari iko upande gani.

Tukaketi chini ya nguzo, ile nyeupe yenye msalaba wa jiwe lililotoka Ureno. Nikaanza kusoma huku nikimfasiria. Aprili 24, 1498, wanang'oa nanga hapa Malindi wakiwa na rubani waliyepewa na Sultani. Siku 23 baadaye wanaiona milima ya Bara Hindi.

"Siku 23. Ndivyo," babu akasema. "Hiyo ni kusi changa, upepo wa kwendea huko. Rubani alijua kazi yake."

Akauliza walifuata nini huko. Nikamtajia pilipili manga, mdalasini na karafuu. Nilipomwambia kwamba zama hizo Pemba hakukuwa na mkarafuu hata mmoja, na kwamba karafuu zote zilitoka visiwa vya Maluku, mbali mno mashariki ya Bara Hindi, akanigeukia kana kwamba nimemwambia bahari haikuwa na chumvi.

"Haya. Na kurudi?"

Nikapekua. Walikuwa wamekosana na mfalme wa Calicut kwa ajili ya ushuru, wakaondoka mjini mwishoni mwa Agosti, wakazubaa pwani ya kule wakitengeneza vyombo. Oktoba 5 wakashika njia ya huku.

Babu hakujibu. Alianza kukunja vidole. Miezi ya kizungu hakuiamini; yeye alihesabu kwa miongo, siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka. Alipomaliza mkono mmoja akaanza wa pili, kisha akaiweka mikono yote miwili magotini.

"Kaskazi, upepo wa kurudia huku, haijaamka," akasema. "Kule wakati huo ni maleleji tu. Upepo leo huku, kesho huku, keshokutwa hakuna. Walikufa wangapi?"

Mimi sikuwa nimefika hapo. Naapa sikuwa nimefika. Nikateremsha kidole kwenye mistari mpaka nikakuta: thelathini. Wengine kama hao walikuwa wamekwisha kufa kabla. Njia iliyowachukua siku 23 kwenda, kurudi iliwachukua miezi mitatu kasoro siku tatu. Kiseyeye kiliwashika, fizi zikavimba hadi zikafunika meno, na kila merikebu ikabaki na watu saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi.

Hadi leo nikikuta tarehe ya safari ya baharini, kwanza nauliza ulikuwa upepo gani.

Ndipo babu akanisimulia jambo ambalo nyumbani hakuwahi kulitaja. Mwaka mmoja walichelewa kuondoka Basra, kaskazi ikawafia njiani. Siku kumi na moja tanga lilining'inia kama nguo kwenye kamba. Maji katika fantasi, tangi la chombo, yalishuka mpaka wakawa wanapimiana kwa kifuu, na usiku alimsikia kijana mmoja akilamba ubao uliolowa umande. Yeye ndiye aliyekuwa nahodha. Wote walimtazama yeye.

Nikaendelea kusoma. Januari 7, 1499, wakatia nanga Malindi. Kapteni alimtuma mtu pwani kutafuta machungwa kwa ajili ya wagonjwa, yakaletwa kesho yake pamoja na matunda mengine. Wengi walikufa hapahapa hata hivyo. Na ni katika siku hizo chache ambapo aliomba nguzo isimikwe. Walipoondoka, kusini ya Mombasa wakaichoma merikebu moja, kwa kuwa watu wa kuiendesha hawakutosha.

"Basi hii ni ya wakati wa kurudi," babu akasema, akaweka kiganja juu ya chokaa.

Wareno siwatetei. Mwaka 1505 waliiteketeza Mombasa, na babu alilijua hilo tangu kwa wazee wake. Lakini siku ile aliwasikitikia wale mabaharia kama watu aliowahi kusafiri nao.

"Walizikwa wapi?"

Nilizipindua karatasi zote, mbele na nyuma. Halikuandikwa. Adhana ya alasiri ikasikika kutoka mjini, naye akawa bado hajainuka. Akaniambia nisome tena walikuwa wangapi.