Kipozi na kitondo vilivyonivusha kwenye Kirusi

Mama svarila rebyonku kashu. Mama alimpikia mtoto uji. Ukiniuliza anayeanza Kirusi akariri sentensi gani, nitakupa hiyo, maana ndani yake mmekaa vinitelnyi na datelnyi, zile padezhi mbili zilizotusumbua sana mwaka wa maandalizi ya lugha huko Voronezh, Urusi. (Padezhi ni mabadiliko ya mwisho wa jina, yaani nomino, kulingana na kazi yake katika sentensi. Kirusi kinazo 6.)

Wenzangu wengi walizielewa kupitia Kiingereza. Mimi nilirudi kwenye somo la Kiswahili la sekondari, nyumbani Kenya, ambako tulichambua shamirisho, yaani watendwa na watendewa wa sentensi, hadi tukachoka. Uji unapikwa, kwa hiyo ni kipozi, nao ndio vinitelnyi. Mtoto anapikiwa, ni kitondo, naye ndiye datelnyi. Basi. Kilichobaki ni miisho.

Na miisho ndiyo yenye mtego. Rebyonku na kashu zote zinaishia -u! Ukifuata sikio tu utapotea, kwa hiyo nilijizoeza kuanza na jina lenyewe kabla halijabadilika. Kasha, yaani uji, linaishia -a kama majina mengi ya kike: kwenye vinitelnyi -a hugeuka -u (kashu, knigu, mamu), kwenye datelnyi hugeuka -e (kashe, knige, mame). Majina ya kiume kama brat, yaani kaka, ndiyo yanayochukua -u kwenye datelnyi: bratu. Rebyonok, yaani mtoto, ni la kiume pia, ila hudondosha ile o. Papa, ingawa ni baba, hufuata njia ya mama: papu, pape. Hilo nililimeza tu.

Vinitelnyi ya majina ya kiume ilikuwa raha kwangu. Meza haibadiliki: vizhu stol. Kaka hubadilika: vizhu brata. Kisicho na uhai kinaachwa kilivyo, chenye uhai kinapewa alama. Sisi tunasema "naona meza" lakini "namwona kaka", na hakuna anayetufundisha. Hata marehemu, pokoinik, kwa Warusi huhesabiwa na walio hai: vizhu pokoinika.

Kwa datelnyi nilisikiliza kitenzi cha Kiswahili. Kikiwa na -ia au -ea ya kutendea, mara nyingi mtu huyo ni datelnyi. Kumwandikia rafiki: pisat drugu. Kumpigia mama simu: zvonit mame. Anayetumia Kiingereza husema "zvonit mamu" kwa muda mrefu, kwa sababu huko mama anapigwa moja kwa moja. Hata kumwonea mtu wivu ni datelnyi.

Kipimo hiki kina mipaka. Kumjibu, kumwamini na kumshauri havina -ia, lakini Kirusi hudai datelnyi. Hivyo niliviandika ukurasa wa nyuma wa daftari nikavikariri kama vilivyo. Kinachonishangaza hadi leo ni kitenzi cha kufundisha: mwanafunzi ni vinitelnyi, na somo ndilo datelnyi. Uchit brata russkomu yaziku, kumfundisha kaka Kirusi. Kana kwamba kaka anakabidhiwa kwa lugha!

Hali za mwili hazikunihitaji kufikiri. Januari ya Voronezh inakufundisha mne kholodno, nasikia baridi, kabla hujajua kwamba mne ni datelnyi ya "mimi". Umri nao hutajwa hivyo hivyo: mne dvadtsat let, nina miaka 20.

Mwisho ni safari. Ukienda mahali, tumia v pamoja na vinitelnyi: v bolnitsu, hospitalini. Ukimwendea mtu, tumia k pamoja na datelnyi: k vrachu, kwa daktari. Hiyo k niliishika siku ileile, maana hata sisi hatuendi daktari, tunaenda kwa daktari.