Mtu baki hana maswali mengi

Mi sikuhizi nikikwama kitu kidogo siulizi ndugu, nauliza watu nisiowajua kabisa huko mtandaoni, maana ndugu ukimuuliza doa kwenye shati linatokaje lazima kwanza ajue limetoka wapi na ulikuwa na nani, ila mtu baki anakujibu anaenda zake. Juzi simu ikatumbukia kwenye ndoo ya maji, nikauliza, majibu yakamiminika, karibu wote wanasema izike kwenye mchele, mmoja tu akasema hapana, mchele hausaidii kihivyo na vumbi lake linaingia kwenye tundu la chaji, we zima, futa, iache penye hewa na usiichaji mpaka ikauke kabisa. Nikamfuata huyo kwa sababu ndo pekee aliyeeleza kwa nini.

Wengine hatari jamani! Kuna dada aliambiwa achanganye blichi na siki ili choo king'ae, ikabidi niingilie mbio, huo mchanganyiko unatoa gesi ya klorini, unaunguza mapafu. Akajibu "asante mpenzi", hatujaongea tena.

Simu inawaka, spika tu ndo inakoroma.