Makaratasi ya PR ya Kanada nikiwa hapa hapa Mbeya

Ukisikia mtu anasema PR ya Kanada, yaani ukaazi wa kudumu, ni mambo ya pointi tu, ujue huyo hajafika kwenye makaratasi. Pointi unazihesabu jioni moja kwenye simu, njia ya wafanyakazi wenye ujuzi ndani ya Express Entry, mfumo wao wa kuchuja waombaji, wanataka ufikishe 67 kati ya 100 ndo uingie, afu ukishaingia mnapangwa upya kwa alama zingine ambazo ukivuka miaka 29 umri unaanza kukukata kila mwaka. Sawa, hiyo hesabu inaeleweka. Mi ni mtu wa maabara, nipo hospitali hapa mjini, na kilichonitoa jasho ni barua.

Uhamiaji wa Kanada wanataka barua ya kazi yenye nembo ya ofisi, cheo, tarehe ulizoanza, masaa kwa wiki, mshahara, halafu majukumu yako moja baada ya jingine, tena yaendane na namba ya kazi kwenye orodha yao (sisi wa maabara ni 32120). Sasa nenda kwa afisa utumishi umwombe kitu kama hicho. Nikapewa mistari mitatu, mtajwa hapo juu ni mtumishi wetu, muhuri, kwisha. Nikamwambia samahani mama, wanataka na kazi ninazofanya, akanitazama juu ya miwani: "Mwanangu, si wameona umeandikwa maabara, au wanadhani unatupikia?" Dawa yake ni kuandika rasimu mwenyewe, unaweka kila kitu kuanzia kuchukua sampuli mpaka kusimamia mashine, unampelekea kwenye flashi, asome, afute asichokubali, achapishe kwenye karatasi ya ofisi asaini. Ila andika kazi unayofanya kweli, usinakili maelezo ya tovuti yao kama yalivyo, wanayajua, wameyaandika wao.

Majina nayo. Cheti cha form four kina jina la babu, NIDA ina la baba, paspoti inafuata NIDA, na kwa wenzetu hao ni watu wawili. Nikaenda kwa wakili nikala kiapo cha majina, nikakiambatanisha kila mahali hata pale ambapo hawajakiomba.

Halafu hela ya kuanzia maisha. Benki inatakiwa iandike akaunti ilifunguliwa lini, salio, wastani wa miezi 6 na kama una madeni, sasa sie hela zetu zinakaaga benki kweli? Ipo kikoba, ipo kwenye parachichi kule Rungwe, ipo kwa ng'ombe wa mzee. Shamba hawalihesabu, mkopo ndo kabisa hawataki. Kaka yangu analima viazi Uyole, alivyonichangia tukaandika barua ya zawadi kwamba siyo deni, na stetimenti yake ikaonyesha hela imetoka kwake, akawa ananiuliza mbele ya wakili, "Kwa hiyo siku nikizidai ndo nafungwa mimi au wewe?"

IELTS, mtihani wa Kiingereza, fanya ile ya General Training, siyo Academic. Kupita ni 6 kila kipengele lakini ukipata 8 ya kusikiliza na 7 kwenye vitatu vilivyobaki alama zinapanda vibaya mno, kwa hiyo mi niliona bora nisome zaidi kuliko kulalamikia umri. Niliifanyia Dar. Msipande basi stendi ya Nanenane usiku wa kuamkia mtihani, mlima Kitonga likikwama lori mnalala hapo.

Alama zikitosha wanakualika kuomba PR, na ukialikwa una siku 60 tu za kutuma kila kitu, ndo maana vyeti vya shule uvipeleke kukaguliwa mapema, ile ripoti inadumu miaka 5. Cheti cha polisi usikiwahi sana, kinatakiwa kisiwe cha zamani, ila usisubiri mwaliko ndo uende kutoa alama za vidole.

Sa hivi uthibitisho wa PR yangu umetoka. Tarehe ya mwisho ya kuingia kwa kawaida inafuata vipimo vya afya, na vinadumu miezi 12, kwa hiyo kuaga ndugu kuna kikomo. Ukishafika unatakiwa uwe ndani ya nchi siku 730 katika kila miaka 5, hazilazimiki kufuatana, mzee kaniuliza hilo kabla ya kitu kingine chochote. Leseni ya maabara ni habari nyingine, PR haikupi, nimeshaanza kuomba transkripti chuoni.