Miaka sita bila kuanguka

Mwezi uliopita daktari aliniuliza kama niko tayari tuanze kupunguza dawa ya kifafa. Nikamwambia nitafikiria. Nikapanda daladala hadi Feri, na ndani ya kivuko nikasimama ninaposimama siku zote, katikati, mbali na ukingo. Mwenye kifafa akianguka majini hana namna ya kujitetea.

Nameza vidonge vya kabamazepini, miligramu 200 asubuhi na 200 usiku. Ramadhani navihamishia daku na futari.

Niliwahi kuacha. Nilikuwa nimemaliza miaka minne sijaanguka, nikajiona nimepona. Vidonge vilipokwisha sikununua vingine, wala sikumwambia mtu, hata mama. Siku ya tano nilikuwa napiga pasi gauni la mteja. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, ulimi nimeung'ata, mkono wa kushoto umeungua, na mteja amekimbilia barabarani kwa kuogopa povu. Jamani, povu haliambukizi! Mgeuzeni mtu ubavu, msimtie kijiko mdomoni.

Safari hii daktari anasema tutapunguza kidogo kidogo kwa miezi, na kwamba kukatisha ghafla kama nilivyofanya ndiko kubaya zaidi. Alinieleza utafiti wa Uingereza wa mwaka 1991, wa watu zaidi ya 1,000 waliokuwa wamekaa angalau miaka miwili bila kifafa. Ndani ya miaka miwili iliyofuata, kati ya kila 100 walioachishwa dawa taratibu, 41 kiliwarudia. Walioendelea kumeza, 22.

Hao 22 ndio walionikosesha raha. Walimeza kila siku, na bado wakaanguka. Halafu nawafikiria wale 59 walioacha na wakabaki salama, natamani niwe mmoja wao. Mume wangu naye anatamani, maana tunataka mtoto wa pili na dawa hii ina hatari zake kwa mimba. Lakini kuanguka na mimba nako ni hatari.

Nimeamua hivi: si kabla ya Idi. Wiki za mwisho za Ramadhani sisi mafundi cherehani hatulali, na kwangu mimi kukosa usingizi ndiko kunakoniita kifafa. Sikukuu ikipita, nikilala usiku kamili mwezi mzima, nitarudi kliniki nimwambie daktari tuanze. Mume wangu ameshakubali kwamba miezi hiyo pasi atashika yeye.