Kwa Miguu Hadi Barnhill

Ukitoka Uskoti bara kwenda kisiwa cha Jura, unavuka kwanza hadi kisiwa cha Islay, halafu unapanda kivuko kidogo cha magari machache ambacho, hujakaa vizuri, kimeshafika. Barabara ya Jura ni moja, nyembamba, na kulungu wanasimama katikati bila haraka. Kaskazini ya Ardlussa inakwisha kabisa. Niliacha gari nikaingia njia ya mawe na tope hadi nyumba iitwayo Barnhill, zaidi ya kilomita sita kwa miguu, visubi wakinila masikio.

Mwandishi Mwingereza George Orwell alihamia nyumba hiyo mwaka 1946. Alikuwa amefiwa na mkewe mwaka mmoja kabla, ana mtoto mdogo wa kulea na mapafu mabovu. Kitabu chake Shamba la Wanyama kilikuwa kimeshampa jina na fedha. Wapo wanaosema alikuja kujificha. Mimi nadhani alitaka kulima: shajara zake za hapa zimejaa mayai ya kuku yaliyohesabiwa siku baada ya siku, samaki, mboga na hali ya hewa. Siasa huioni.

Nyumba ikajitokeza chini ya mteremko, nyeupe, ikitazama bahari. Ni mali ya watu, si makumbusho, kwa hiyo niliishia kuitazama kwa mbali. Humo ndimo alimoandika riwaya ya 1984, ambamo raia hana pembe ya kujificha jicho la serikali. Yeye mwenyewe jirani wa karibu alikuwa zaidi ya kilomita moja.

Mbele zaidi kuna Corryvreckan, mlango wa bahari ambao maji yake huzunguka na kunguruma. Agosti 1947 injini ya boti yake iling'oka hapo, na mwanawe wa miaka mitatu alikuwamo. Walipiga makasia hadi kwenye kisiwa cha miamba, boti ikapinduka, wakaokolewa na wavuvi wa kambamti.

Kifua kikuu hakikumwachia. Mwaka 1948 alitibiwa kwa dawa ya streptomaisini iliyoagizwa Marekani, ikamchubua ngozi na kumnyonyoa nywele. Akarudi Barnhill kumalizia. Kitabu kilitoka Juni 1949. Januari 1950 akafariki, miaka 46.

Muswada ule aliuchapa mwenyewe kwa taipureta, mgonjwa, muda mwingi akiwa kitandani. Alitafutiwa mpiga chapa London, asipatikane wa kukubali kuja huku. Nilipogeuka kurudi, mvua imeanza na viatu vimejaa maji, sikuwalaumu.